Kabla ya kuahidi ada, piga hesabu ya hatua nzima

Swali la wiki liliuliza: mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kumsomesha mtoto wa familia isiyojiweza aanzie wapi ili fedha yake isipotee njiani? Aanze kwa kupiga hesabu ya hatua nzima ya masomo, msingi au sekondari mpaka mtihani wa mwisho, ndipo atoe ahadi. Misaada mingi ya aina hii haivunjwi na wizi. Mfadhili hulipa kile kilichoandikwa kwenye fomu ya shule, mengine yakabaki bila mwenyewe, na mtoto akakaa nyumbani hali ada yake imelipwa yote.

Ili kuyapata hayo mengine, kaa na mlezi na mtoto mwenyewe, mpitie siku moja ya shule tangu mtoto anapoamka. Anakwenda kwa miguu au kwa gari, na njia ni ya muda gani? Mchana anakula nini? Jioni anasomea wapi, kwa taa ipi, na nani anategemea mikono yake kwa kazi za nyumbani? Orodha itajitokeza yenyewe: ada na michango, sare seti 2 (moja ikiloa au kuchanika, mwenye seti moja hana cha kuvaa), viatu ambavyo vitambana kabla mwaka haujaisha, begi, madaftari, vifaa vya hesabu, nauli, chakula cha mchana, ada ya kusajili mtihani, matibabu madogo. Msichana aliyebalehe aongezewe taulo za kike na nguo za ndani za kutosha kwa kila mwezi, si kwa mwezi wa kwanza tu. Jumlisha gharama za muhula mmoja, kisha weka asilimia 10 hadi 15 juu yake kwa dharura. Kama hatua ni ya miaka 4 yenye mihula 3 kila mwaka, zidisha kwa mihula 12. Hiyo ndiyo ahadi unayotaka kuitoa.

Usitarajie gharama kubaki palepale. Hupanda mtoto anapoingia sekondari, na miaka ya mtihani huwa mizito kuliko mingine. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka 14 anaweza kuleta kipato nyumbani, wa miaka 8 hawezi, kwa hiyo kila mwaka anaobaki darasani familia inaacha kitu fulani. Mpango wa Progresa wa Mexico, ulioanza mwaka 1997, uliliona hilo: familia zililipwa fedha kwa sharti la mahudhurio, kiwango kikapanda kadiri darasa lilivyopanda, na katika sekondari wasichana wakapewa zaidi ya wavulana kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiacha shule zaidi. Mfadhili anayetoa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwa kweli anapunguza msaada wake mwaka hadi mwaka.

Wakati mwingine kizuizi hakimo kabisa kwenye ada. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la 9 fedha za kununulia baiskeli, na idadi ya walioandikishwa katika ngazi hiyo ikaongezeka kwa karibu theluthi. Faida ilionekana hasa pale shule ilipokuwa mbali. Mtoto anayeishi jirani na shule hahitaji baiskeli, huenda anahitaji miwani. Ndiyo maana mahojiano yale ya siku moja hayarukwi.

Kama huna uwezo wa kubeba hatua nzima peke yako, changishaneni. Kundi la watu 5 linafaa kuliko la 2, na sababu ni ya hesabu tu: kati ya 5 mmoja akikwama, wanne waliobaki wanaongeza robo ya mchango wao, lakini kati ya 2 anayebaki analazimika kutoa maradufu. Msianze kulipa mpaka mihula 3 ya kwanza iwe tayari kwenye akaunti. Mtakaoanza na muhula mmoja mtakuwa mnaukimbiza unaofuata, na ada itafika wiki ya nne au ya tano, baada ya mtoto kurudishwa nyumbani na kukosa mwanzo wa kila mada.

Malipo yaende kwenye akaunti ya shule moja kwa moja, angalau wiki 2 kabla ya kufungua, yakiwa na jina kamili la mtoto na namba yake ya usajili. Malipo bila namba hiyo hukaa kwenye vitabu vya shule bila kuhesabiwa kwa mtu yeyote, na mtoto hutajwa kwenye orodha ya wanaodaiwa. Omba stakabadhi na taarifa ya salio kwa mhasibu. Sare na viatu mlezi anunue pamoja na mtoto, avijaribu palepale. Fedha ya dharura iwe na utaratibu wake, na mlezi aruhusiwe kuiomba bila kuona haya. Ndugu wa mtoto akiugua usiku, fedha yoyote iliyomo ndani itakwenda hospitali, hata kama iliandikiwa madaftari. Hilo si udanganyifu. Ni mzazi kufanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya, na mpango unaomlaumu kwa hilo ulipangwa vibaya.

Sasa nije kwenye jambo linalosahaulika kuliko yote: kama mtoto anajifunza. Mwanafunzi anaweza kulipiwa kila kitu akafika darasa la 6 bila kusoma aya moja. Kuna kipimo rahisi kinachofanana na kile cha tathmini ya ASER nchini India na ile ya Uwezo Afrika Mashariki, zinazopima kama watoto wanajua kusoma. Andika kwa maandishi makubwa herufi 10, maneno mafupi 10, aya ya sentensi 4 za kiwango cha darasa la kwanza, na hadithi fupi ya darasa la pili. Mtoto asome kwa sauti, nawe unatulia, humsahihishi. Anapokwama ndipo kiwango chake kilipo. Akiisoma hadithi yote, muulize maswali 2 kuhusu yaliyomo, maana wapo wanaotamka vizuri bila kuelewa. Mtoto wa darasa la 5 anayekwama kwenye maneno hatasaidiwa na vitabu vya darasa la 5. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya uligundua kwamba vitabu vya kiada vya bure viliwainua waliokuwa tayari wanafanya vizuri, wengine hawakufaidika, kwa kuwa wengi wao hawakuweza kuvisoma. Hapo fedha ya vitabu ni bora ilipie saa chache za masomo ya ziada kila wiki, katika kundi dogo linalopangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya umri. Shirika la Pratham limefundisha kwa mtindo huo India kwa miaka mingi.

Kila muhula omba vitu 2: matokeo, na idadi ya siku alizohudhuria kutoka kwa mwalimu wa darasa. Mahudhurio husema mapema kuliko matokeo. Akikosa siku 5 au 6 ndani ya mwezi, uliza wiki hiyohiyo, kwa upole, ukianza na mlezi.

Msimwondoe mtoto kwao kwa sababu tu kwao ni maskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani mtoto kulelewa na wasio wazazi wake, inasema umaskini pekee usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Linda pia heshima na usalama wake: mawasiliano yapitie kwa mlezi au shule, usimtembelee peke yake, na usiweke mtandaoni picha inayoonyesha uso, jina na nembo ya shule. Mtoto hana deni la kukushukuru hadharani.

Ufadhili wa mtoto mmoja mmoja unafanya kazi ukidumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Compassion International, shirika la kufadhili watoto, katika nchi 6 ulikuta kwamba waliofadhiliwa walisoma kwa kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi ya wasiofadhiliwa.

Maafikiano yote yaandikwe kwenye ukurasa mmoja kwa lugha ambayo mlezi anaisoma: nani analipa nini, mpaka darasa gani, ikitokea mtoto akarudia darasa au akahama itakuwaje. Wekeni pia namna ya kuachana. Ukiona huwezi kuendelea, toa taarifa mihula 2 kabla, maliza mwaka ulioanza, na mkabidhi mlezi faili lenye stakabadhi, matokeo na nakala ya cheti cha kuzaliwa, ili atakayeendelea asianze upya.