Dirisha likipotea, programu inaweza kuwa bado hai

Programu yangu ya kwanza kulipwa ilikuwa ya duka la dawa, niliiandika kwa Java Swing, maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha. Haikupita wiki mbili mwenye duka akanipigia: kompyuta imekuwa nzito, na mauzo hayahifadhiki, kila mara inaandika kwamba kanzidata imefungwa. Nikaenda, nikafungua Task Manager. Nikakuta javaw.exe tisa, yaani nakala tisa za programu yangu, zinaendelea na kazi, na kwenye skrini hakuna dirisha hata moja.

Kosa lilikuwa mstari mmoja ambao sikuuandika. JFrame, yaani dirisha kuu la Swing, usipoielekeza, ukibonyeza X inajificha tu, kwa sababu chaguo lake la kawaida ni HIDE_ON_CLOSE. Muuzaji alibonyeza X kila jioni akijua amefunga, na kompyuta ile haikuwa ikizimwa usiku. Asubuhi anafungua nyingine. Mojawapo ya zile za zamani ilikuwa imeishikilia faili ya SQLite, yaani kanzidata yenyewe, katikati ya kuandika, nyingine zikawa hazina njia.

Nikaweka EXIT_ON_CLOSE, ili X iizime programu yote, nikajiona nimemaliza. Lililofuata likawa baya zaidi. Chaguo hilo huita System.exit, nayo haimngoji mtu: thredi inayohifadhi mauzo, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu, inakatwa hapo ilipofika, hata ulichokiweka ndani ya finally ili kifanyike vyovyote iwavyo hakitekelezwi. SQLite ikifunguliwa tena huufuta muamala ambao haukukamilika, kwa hiyo kanzidata ilikuwa salama, ila dawa zimeshatoka dukani na kwenye hesabu bado zimo. Stoo ilipohesabiwa mwisho wa mwezi, aliyeulizwa ni muuzaji. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, shika hili: anayebonyeza X anaaga, na anayeaga hajaondoka. Windows yenyewe imejengwa hivyo. Hutuma kwanza ujumbe wa WM_CLOSE, ambao ni ombi. Dirisha huvunjwa baadaye, kisha inakuja WM_DESTROY, na hapo usipoita PostQuitMessage programu inaendelea kuzunguka bila dirisha. Kwenye Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python, ukishajiwekea shughuli yako kwenye WM_DELETE_WINDOW, kuita destroy ni juu yako.

Siku hizi kwenye Swing naweka DO_NOTHING_ON_CLOSE, ili X isifanye kitu yenyewe, kazi yote naifanyia kwenye windowClosing, tukio linalokuja X ikibonyezwa. Usiichanganye na windowClosed, hiyo huja dirisha likishavunjwa. Namuuliza mtumiaji pale tu penye kitu ambacho hakijahifadhiwa, na vitufe vinasema kazi yake: Hifadhi, Usihifadhi, Ghairi. Ukimuuliza kila jioni kama ana hakika, atazoea kubonyeza Ndiyo bila kusoma, na siku yenye hatari atabonyeza vilevile.

Kisha naita shutdown kwenye ExecutorService, inayoendesha thredi za kuhifadhi, na kungoja sekunde chache kwa awaitTermination. Kungoja huko kusiwe kwenye thredi inayochora dirisha, la sivyo litaganda na mtu atadhani programu imekufa. Mimi hutumia SwingWorker, inayofanya kazi kwenye thredi ya pembeni, nazima vitufe, naandika "Inahifadhi…". Ikimaliza nafunga kanzidata, halafu naita dispose kulivunja dirisha. System.exit siiti. Kama hakuna dirisha wala thredi iliyobaki, Java huzimika yenyewe. Isipozimika, kuna thredi niliyoisahau, na nataka kuijua kabla mteja hajaijua. Mara nyingi ni ya ExecutorService ileile, maana thredi zake kwa kawaida si za daemon, zile ambazo Java haizisubiri ikizimika. Usizigeuze daemon ili mambo yaishe haraka: hizo hukatwa bila kungojwa, nawe umerudi kwenye hasara ya mauzo.

Na umeme ukikatika, windowClosing haiji kabisa. Kila mauzo yakamilishe kwenye kanzidata palepale muuzaji anapobonyeza kitufe, usingoje jioni. Faili ya kawaida iandike kwanza kwa jina la muda kwenye folda ileile, ndipo uihamishie jina lake kwa Files.move yenye ATOMIC_MOVE, inayohamisha yote kwa mara moja au isihamishe kabisa.

Kabla hujamkabidhi mteja, ingiza mauzo kumi, iue programu kwa Task Manager katikati ya la kumi na moja, ifungue tena, uhesabu.