Maswali ya wasomaji: kadi iliyofutwa, na mkojo wa alfajiri

SWALI (Wete): Assalamu alaikum. Nilichanjwa homa ya manjano 2012 na kadi inasema mwisho 2022. Mwezi ujao nakwenda Kampala. Nichanjwe tena? Tena tarehe ya chanjo ilikosewa, ikakatwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine juu yake.

JIBU: Waalaikum salaam. Huo 2022 usikutishe. Tangu 11 Julai 2016 kadi ya chanjo hii, hata ya zamani, inahesabika umri mzima. Linalotutia wasiwasi ni hilo kosa lililokatwa: maandishi madogo ya kadi yenyewe yanasema ikirekebishwa popote yaweza kukataliwa. Rudi ulikochanjiwa, waangalie daftari lao wakuandikie mpya, jina kama lilivyo kwenye pasi, mwezi kwa herufi, namba ya bechi, mhuri wa kituo na saini ya mkono. Daftari lisipoonekana, itabidi uchanjwe upya, na kadi huanza kazi baada ya siku 10: ukichanjwa tarehe 3, ni tarehe 13. Kwa hiyo nenda wiki hii.

SWALI (Mkoani): Mwanangu wa miaka 9 anatoa damu mwisho wa mkojo. Nilipeleka mkojo wa alfajiri, maabara wakasema hawakuona mayai ya kichocho. Niamini?

JIBU: Usiamini bado, mama. Mkojo wa alfajiri unafaa kwa vipimo vingine. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mwache mtoto akimbie au arukeruke kidogo, halafu akojoe mkojo wote kwenye kikopo safi, kikavu, chenye kifuniko. Matone ya mwisho, yale yenye damu, ndiyo yenye mayai. Wengi huyamwaga chini kikopo kikishajaa, kwa hiyo chukua kikopo kikubwa. Kiweke kivulini, kifike maabara ndani ya saa 2, maana mayai yakikaa juani huanguliwa na hayaonekani tena.

Waombe wakitikise kabla ya kuvuta mililita 10 za kuchuja, kwani mayai huzama chini. Wasipoona kitu, rudia siku nyingine mbili: mayai hayatoki sawasawa kila siku. Yakionekana atapewa prazikwanteli kwa uzito wake, ale kwanza ashibe. Hata wasipoyaona, damu ikiendelea mpeleke kwa daktari, kwani kichocho si sababu pekee. Na mtoni au kwenye dimbwi asirudi kuoga. Dawa haimkingi na kichocho kipya.