Kabla ya kumtafuta mwalimu, tafuteni chumba

Baba wa binti mmoja mwalimu aliniuliza swali moja tu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi: uhaba wa walimu wa sayansi katika skuli za Micheweni, kaskazini mwa Pemba, posho, muda wa kukaa, faida atakayoipata binti yake siku akiomba ajira. Mzee alinisikiliza kwenye simu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, hayo yote nimeyafahamu. Binti yangu atalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia jambo hilo tunalishughulikia. Binti hakwenda. Alikuwa na shahada ya ualimu wa fizikia na hesabu, na mwenyewe alikuwa anataka kwenda. Skuli iliyokuwa inamsubiri ikakaa muhula mzima bila ya mwalimu wa fizikia, kwa sababu nilimwendea mzee yule na hotuba na sikumwendea na chumba.

Mimi na wenzangu wachache tumekuwa tukiwatafutia skuli za shamba Pemba walimu vijana waliomaliza chuo kikuu, hasa wa hesabu, fizikia na kemia. Kabla ya hapo nami nilikuwa mmoja wa vijana hao. Ninaandika haya kwa ajili ya kamati za skuli, walimu wakuu, na wale ndugu zetu wa Mjini Unguja, Dar es Salaam na Muscat wanaochanga pesa kwa ajili ya vijiji vyao kisha wakaniuliza: tuanzie wapi?

Wengi wanaonijia huwa wamesikia habari za Teach For America. Ni kazi kubwa kweli. Wendy Kopp aliitoa fikra ile katika andiko lake la kumalizia masomo chuo kikuu cha Princeton mwaka 1989, na mwaka uliofuata kundi la kwanza la vijana wapatao 500 likapelekwa kusomesha katika skuli za mitaa na vijiji vya watu maskini, kila mmoja akiahidi miaka miwili. Uingereza nao wakaanzisha chombo chao cha namna hiyo, Teach First, mwaka 2002. Ninaiheshimu kazi yao. Lakini kule tatizo la kwanza lilikuwa ni kumvuta kijana ambaye angeweza kwenda benki au kusomea sheria, akubali kushika chaki kwanza. Kwetu kijana hana benki inayomsubiri. Amemaliza SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au chuo cha Tunguu, au Chukwani, shahada yake ni ya ualimu hasa, na yuko nyumbani anangoja tangazo la ajira, au anajitolea skuli ya mjini mwaka wa pili huu. Tangaza nafasi tano leo, maombi utayapata kwa rundo. Kazi ni afike, akae, na bado awepo siku watoto wanapoingia kwenye mtihani wa kidato cha pili.

Na anayeondoka mapema, kwa niliyoyaona mimi, mara chache huikimbia skuli. Huikimbia saa moja ya usiku.

Nilishuka bandari ya Mkoani mwezi wa Januari, nikapanda gari mpaka Chake, kisha Konde, kisha nikabebwa pamoja na mkoba wangu nyuma ya vespa. Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, mjini Unguja, shamba nilikuwa nikikujua kwa sikukuu tu. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya skuli. Madawati mabovu yamerundikwa upande mmoja, kitanda upande wa pili, mlango unafungwa kwa kamba. Mchana nilikuwa mwalimu, watoto wananibebea vitabu, wazee wananiamkia. Jua likitua kila mtu anarudi kwao, na mimi nabaki na popo. Hakuna aliyenikosea. Kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye anayenishughulikia: mwalimu mkuu alidhani ni sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, sheha alidhani ni wizara. Kwa siku kumi na mbili nilikula mkate na chai ya rangi, na kila usiku nilihesabu pesa za nauli ya boti.

Siku ya kumi na tatu akaja bibi mmoja, jirani wa skuli, mjukuu wake namsomesha kidato cha kwanza. Akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Weye mwalimu, ni mgeni wa serikali au mgeni wetu?"

"Sijui, bibi."

"Basi leo utajua. Chukua mkoba wako."

Chumba alichonipa kilikuwa kidogo kuliko ile stoo. Kilikuwa na komeo kwa ndani, chandarua, na ukuta mmoja tu kati yangu na watu waliolala. Usiku wa kwanza na wa pili nililishwa muhogo na mchuzi wa papa kama bibi harusi. Usiku wa tatu akatandika jamvi uani, akamwaga karafuu mbichi mbele yangu. "Mgeni siku mbili," akasema, na wala hakuimalizia. Nikakaa nao kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vikanuka wiki nzima. Watoto wa jirani wakaja kumwona mwalimu asiyejua kuchambua. Nikawauliza kishazi kimoja kina karafuu ngapi, wakaanza kuhesabu na kubishana, mmoja akasema tujumlishe vishazi vyote kisha tugawe. Hilo ni somo la wastani, nami nilikuwa nimelisomesha darasani wiki iliyopita bila ya mtu kunifahamu. Nilikaa katika nyumba ile miaka mitatu.

Ndiyo maana siku hizi kamati ikinijia, sizungumzi habari za mwalimu kabla sijaonyeshwa chumba. Naangalia mlango unafungwa vipi kwa ndani. Nauliza maji yanatoka wapi na choo kiko umbali gani usiku. Nauliza chakula cha usiku atakula na nani, na hapo nataka kutajiwa mtu. "Kijiji kitamlea" si jibu, kwa sababu kijiji kizima ndicho kilichonilaza stoo. Kwa mwalimu wa kike nataka nyumba yenye mama mtu mzima, na nataka mama huyo azungumze kwa simu na mzazi wa binti kabla binti hajafunga mkoba. Wanawake wawili wakishaamkiana na kuulizana watoto, mambo mengi humalizika hapo. Baba huuliza swali lake, mwenye nyumba humjibu, na mimi sihitajiki tena. Kwa mwalimu wa kiume watu hudhani hayo hayahusu. Yanahusu. Kijana wa kiume huachwa peke yake zaidi, kwani kila mtu humwambia "wewe mwanamme".

Mwenye nyumba alipwe. Kidogo, lakini kila mwezi, na mkononi mwake. Bibi yangu alikataa pesa miezi sita, na nilijua anakopa mchele dukani kwa ajili yangu.

Kuhusu kuchagua nani aende, nilikosea sana mwanzo kwa kufuata alama. Mwaka wa kwanza niliwapanga waombaji kwa matokeo yao ya chuo, nikaanzia juu. Siku hizi cheti nakitazama kujua kama somo analijua, basi. Kisha namwomba anieleze, kwa Kiswahili, kama anamweleza mtoto wa darasa la sita: kwa nini maji yanapwa mbali sana siku za bamvua, na siku za maji mafu hayendi popote? Ni fizikia ya kawaida. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndizo siku za bamvua, jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja na mvuto wao juu ya bahari huungana. Wako wanaoandika fomula kwenye karatasi na kunigeuzia. Wako wanaoniambia kwamba somo hili husomeshwa kwa Kiingereza, na ni kweli, mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilitaka hesabu na sayansi ziwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Ndiyo hasa sababu ya kuuliza kwa Kiswahili. Mtoto wa Kiuyu au Shumba anakutana na Kiingereza kwenye ubao tu. Mwalimu asiyeweza kulivua jambo nguo zake za kigeni atawakaririsha maneno mwaka mzima.

Ninayemtafuta ni yule anayesita, kisha akaniuliza: "Watoto wenyewe wanakaa pwani?" Huyo ameshaanza kusomesha. Mtoto wa pwani anayajua maji kuliko sote wawili, anajua hata tarehe ngapi za mwezi mama yake atateremka kwenye mwani. Lililobaki ni kumpa sababu.

Tena elimu hiyo ya maji mwalimu mgeni ataihitaji kwa jambo jengine. Katika vijiji vinavyolima mwani rejista hutoboka mara mbili kwa mwezi, siku za bamvua, maji yakipwa na mwani ukafikika, na wanaokosekana wengi ni wasichana. Msimu wa karafuu hutoboka tena. Na wavuvi wakihamia dago, yaani kambi zao za uvuvi, wako wavulana wanaofuatana na baba zao wiki nzima na zaidi. Kijana wa mjini akiyaona haya huandika "utoro" na kuwaita wazazi kwa ukali. Nami niliwaita. Mama mmoja alikuja na nguo zingali maji ya chumvi, akakaa kimya mpaka nikamaliza, akasema, "Mwalimu, daftari analoandikia nimelinunua kwa mwani." Tangu hapo nikawa naazima kalenda ya mwezi mwandamo, mada nzito naziweka siku za maji mafu na marudio siku za bamvua. Mwambieni mwalimu wenu jambo hili wiki ya kwanza, asiligundue mwaka wa pili.

Katika mkutano wa kwanza na vijana, tafadhali msitumie huruma. Nimewahi kukaa katika kikao ambacho msemaji aliwaambia wahitimu wakawaokoe watoto wa Pemba. Mwenzangu mmoja, mtu wa Tumbe, aliinuka akatoka. Pemba imetoa wasomi wa kujaza vyuo, na elimu bila malipo ilipotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa kwa ajili ya watoto hawa kama kwa wengine. Wana deni la kudai, hawaombi sadaka. Kijana aliyekwenda kuokoa huchoka haraka, kwa sababu hakuna anayemshukuru kwa kiasi alichotarajia. Waelezeni mambo yalivyo. Kisima kina chumvi. Skuli ina mikondo miwili, utaingia asubuhi na huenda ukabakishwa mchana. Maabara ni kabati. Umeme upo, tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya wa baharini, lakini darasa lako huenda halina hata taa. Baadhi yao watainuka na kwenda zao. Waacheni, mmeokoa muhula.

Ofisi ya walimu nayo ina mambo yake. Mwalimu wa cheti aliyesomesha miaka ishirini anaona anakuja mtoto wa shahada, anapokewa na sheha na kamati, na yeye hakuna aliyewahi kumpokea. Akinuna ana haki. Sisi tunamwomba mwalimu huyo awe mwenyeji wa mgeni, na wiki mbili za mwanzo mgeni hasomeshi, anakaa nyuma ya darasa la mwenyeji na kutazama. Mwalimu wa hesabu niliyekaa nyuma ya darasa lake alikuwa akifundisha namba hasi kwa komwe za bao na mashimo mawili aliyoyachimba nje ya mlango, moja la mali na moja la deni. Chuoni miaka mitatu sikuwahi kuoneshwa kitu kama kile.

Posho ilipwe tarehe iliyosemwa. Kama mna uwezo wa kulipa miezi minane tu, semeni minane. Na nauli ya kwenda kwao likizo itengwe mwanzo kabisa, isiwe ya kuombwa.

Halafu siku moja tangazo la ajira litatoka na jina lake litakuwemo, pengine kituo chake kipya kiko Unguja. Msimlaumu, wala msimkumbushe muhogo wa bibi. Ombeni mambo mawili tu: amalize muhula kama inawezekana, na aache daftari. Katika daftari hilo aandike kila darasa limefika wapi, mtoto gani anaona haya kuuliza, yupi haoni ubao vizuri, yupi yuko dago na anarudi lini. Langu nililiacha kwa bibi kwa sababu niliogopa skuli italipoteza. Aliyenifuata alilikuta juu ya mto wa kitanda.

Yule binti wa fizikia ninaonana naye, anasomesha mjini, na anasomesha vizuri. Baba yake tukikutana ananiuliza hali za Micheweni.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mkuu mmoja alinipigia, anataka mwalimu wa kemia Januari. Nikamuuliza atalala wapi. Akanyamaza, akasema atanipigia. Alipiga Ijumaa baada ya sala. Chumba kipo, komeo limetiwa, fundi anamalizia dirisha, na mwenye nyumba anataka kujua kama huyo mwalimu anakula pilipili.