Hodi kabla ya siku ya 16: maswali yenu kuhusu kiinitete cha ng'ombe

Maswali ya safari hii yameangukia sehemu moja: wiki tatu za kwanza baada ya ng'ombe kupandwa. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na marefu nimeyafupisha.

Mwalimu, ng'ombe asiyeshika hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Lakini nimesoma kwamba kiinitete huanza kujishikiza kwenye mji wa mimba karibu na siku ya 19 au 20. Sasa mama anajuaje mapema kwamba kuna mimba?

Hajui mpaka aambiwe, na muda wa kuambiwa ni mfupi.

Tuanze na ng'ombe asiye na mimba. Yai likishatoka, pale lilipotokea kwenye ovari hubaki kinundu cha manjano, korpasi luteamu, kinachotoa homoni ya projesteroni. Homoni hiyo ndiyo huutuliza mji wa mimba na kuufanya utoe majimaji yenye lishe. Kinundu hicho lakini hakikai milele. Takriban siku ya 16 au 17, ukuta wa ndani wa mji wa mimba huwa umeanza kuotesha vipokezi vya homoni ya oksitosini, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Oksitosini ikivigusa, ukuta humwaga homoni nyingine, prostaglandini, kwa mikupuo. Prostaglandini hiyo haina haja ya kuzunguka mwili mzima, maana vena inayotoka kwenye mji wa mimba imelalana na ateri iendayo kwenye ovari, nayo hupenya kutoka mshipa mmoja hadi mwingine. Kinundu hufa, projesteroni hushuka, ng'ombe anarudi kwenye joto.

Kiinitete kinatakiwa kupiga hodi kabla mambo hayajafika huko. Hodi yake ni protini iitwayo intaferoni tau, inayotolewa na seli zake za nje, zile ambazo baadaye hutengeneza kondo. Intaferoni nyingi mnazozisikia ni silaha za mwili dhidi ya virusi. Hii ya tau haisubiri virusi, na hupatikana kwa wanyama wanaocheua tu. Wingi wake hupanda sana kati ya siku ya 15 na ya 17. Ikiushika ukuta wa mji wa mimba, vipokezi vya oksitosini havioti, mikupuo ya prostaglandini haiji, na kinundu kinabaki hai.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni hili: ujumbe huu hauendi kwenye ovari kukipa kinundu nguvu. Unakwenda kuuzuia mji wa mimba usikiue. Kiinitete kilichodumaa, ambacho siku ya 16 bado ni kidogo mno, kinaweza kuwa hai na bado kikapotea kwa sababu hodi yake haikusikika. Mfugaji ataona ng'ombe karudi kwenye joto na kusema hakushika. Huenda alishika.

Kwa sababu hiyohiyo, sindano ya prostaglandini inayotumiwa kuwaleta ng'ombe kwenye joto kwa pamoja isipigwe kabla ya kuhakikisha hana mimba. Sindano inafika moja kwa moja kwenye kinundu, na hapo intaferoni haina la kuzuia.

Je, kipimo cha mimba cha binadamu kinaweza kutumika kwa mkojo wa ng'ombe?

Hapana. Kipimo hicho hutafuta homoni ya hCG, na kiinitete cha ng'ombe hakiitoi. Kwa ng'ombe, maabara hupima kwenye damu au maziwa protini za kondo ziitwazo PAG, kuanzia kama siku ya 28. Aliyezaa karibuni anaweza kuwa bado ana PAG za mimba iliyopita, kwa hiyo mwambie anayepima tarehe aliyozaa.

Seli zote zimetoka kwenye yai moja. Nani anaziambia hizi ziwe ndama na zile ziwe kondo? (Wanne wameuliza hili, mmoja wao mwanafunzi aliyetaka pia kujua kama yaliyo kwenye kitabu chake kuhusu panya yanamhusu ng'ombe.)

Jibu fupi ni mahali seli ilipo. Hadi siku ya 5 hivi, kiinitete ni kifurushi cha seli za mviringo zinazofanana. Kisha zinabanana, zinashikana kwa protini ya E-kadherini mpaka mipaka yake haionekani vizuri. Kuanzia hapo kuna seli zilizozungukwa na wenzake kila upande, na kuna zenye upande mmoja usiogusana na yeyote. Upande huo ulio wazi ni habari tosha. Ndani ya seli za nje, njia ya mawasiliano iitwayo Hippo hunyamaza, protini ya YAP inaingia kwenye kiini cha seli, na jeni za ukoo wa kondo, kama CDX2, zinawashwa. Seli za nje pia husukuma chumvi kuelekea ndani, maji yanaifuata, na siku ya 7 au ya 8 tuna blastosisti: puto la maji lenye kikundi kidogo cha seli upande mmoja. Kikundi hicho ndicho chenye ndama.

Sasa panya. Haya mengi tuliyajua kwake kwanza, na vitabu huyaandika kana kwamba ni ya kila mnyama anyonyeshaye. Mimi naona hapo wanafunzi wanapotezwa. Kwa panya, CDX2 ikiwaka katika seli za nje huizima OCT4, jeni inayozifanya seli ziwe na uwezo wa kuwa chochote. Kwa ng'ombe wa siku ya 7, OCT4 bado ipo kwenye seli za nje pia. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba seli hizo za nje zikitolewa na kuchanganywa na kiinitete kingine bado zinaweza kuingia kwenye kikundi cha ndani. Hazijafunga uamuzi. Kiinitete cha panya hujichimbia kwenye mji wa mimba kikiwa na siku nne na nusu hivi, cha ng'ombe kinaelea wiki mbili zaidi, kwa hiyo hakina haraka.

Mfano wa pili ni FGF, ishara za ukuaji zinazopita kwenye seli kwa njia ya kimeng'enya cha MEK. Kikundi cha ndani hugawanyika tena, wengine mwili wenyewe, wengine tabaka la chini linalokuja kuwa mfuko wa kiinitete. Ukiizuia MEK kwa panya, tabaka la chini hupotea kabisa. Kwa ng'ombe linapungua, halipotei. Kwa hiyo mwanafunzi wangu, kwenye mtihani andika kama unayemzungumzia ni panya au ni ng'ombe.

Joto kali la hali ya hewa linaharibu mimba kweli, au ni kisingizio cha wahimilishaji?

Kweli, na siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Siku tatu za kwanza kiinitete cha ng'ombe kinaishi kwa akiba aliyoweka mama ndani ya yai. Jeni zake chenyewe huamka kwa nguvu kikiwa na seli 8 hadi 16. Kikipata joto la nyuzi 41 kikiwa na seli mbili, hakina uwezo wa kutosha wa kutengeneza kinga yake, ila siku mbili tatu baadaye joto hilohilo kinalivumilia zaidi. Ndiyo maana kupandikiza kiinitete cha siku ya 7 husaidia majira ya joto: kimeshavuka daraja bovu. Maabarani nako, kuongeza ishara ya ukuaji ya IGF-1 hupunguza idadi ya seli zinazojiua kwa sababu ya joto.

Kama maabara inaweza kukuza kiinitete siku 7, kwa nini isikikuze siku 30?

Kwa sababu ya kurefuka. Siku ya 12 au 13 ni kitu cha milimita chache. Siku ya 16 kinaweza kuwa uzi wa zaidi ya sentimita 10. Ukirudisha blastosisti ndani ya ng'ombe itarefuka. Ukiiacha kwenye sahani, haitakuwa uzi huo. Kinachoiendesha ni majimaji ya tezi za mji wa mimba, nayo hutolewa kwa amri ya projesteroni. Kwa kondoo waliozuiwa wasiote tezi hizo, viinitete havikurefuka. Seli peke yake ni habari nyingine: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza namna ya kudumisha seli shina za kiinitete cha ng'ombe, zile ambazo bado zinaweza kuwa chochote, kwa kuzipa ishara ya FGF2 na kuifunga njia ya mawasiliano iitwayo WNT.

Nina pacha, dume na jike. Naambiwa jike atakuwa tasa. Ni imani tu?

Si imani. Zaidi ya 9 kati ya 10 ya majike kama huyo huwa tasa. Kondo za mapacha wa ng'ombe huungana mapema, mishipa inakutana, na homoni za korodani za dume, hasa ile inayozuia viungo vya kike kukua, zinafika kwa dada yake kabla viungo vyake havijajengeka. Frank Lillie wa Chicago alilieleza hili mwaka 1916. Daktari wa mifugo anaweza kupima urefu wa uke, ambao huwa mfupi, au kutafuta seli za kiume kwenye damu ya jike. Mara chache jike huzaliwa peke yake na bado ni tasa kwa njia hii: kaka yake alikufa tumboni baada ya damu zao kukutana.