Mnaoanza kliniki ya watoto, hesabuni miezi kwanza

Kila kundi jipya la intaneshipu likiingia kliniki ya mama na mtoto hapa Kisumu, makosa ni yale yale. Dozi mnazijua kwa kichwa, hongereni. Kinachowaponyoka ni umri. Jibu la maabara lisisomwe kabla hujafungua kitabu cha mama na mtoto ukahesabu miezi.

1. Kipimo cha haraka cha HIV kwa mtoto wa miezi minne. Hili ndilo linalouma. Mama katoka Nyalenda, mtoto ana kikohozi. Mtu anachoma, anaona mistari miwili, anamwambia mama foleni nzima ikisikia kwamba mtoto ana virusi. Umejuaje? Kingamwili za mama (aina ya IgG) huvuka kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na kipimo hakiulizi ni za nani. Zinaweza kukaa kwa mtoto hadi miezi 18. Mistari ile inakuambia habari za mama, na kwamba mtoto yumo hatarini. Chini ya miezi 18 jibu hutoka kwenye PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe: wiki 6 au siku ya kwanza umwonapo, kisha miezi 6 na miezi 12.

Na hata hiyo PCR mnaiharibu kwa mikono yenu. Kwa mtoto mchanga choma pembeni mwa kisigino, futa tone la kwanza, acha tone moja nono lijaze duara la kadi ya kukaushia damu. Mguu usikamuliwe kama chuchu ya ng'ombe. Maji ya tishu huchanganyika na damu, sampuli ikawa hafifu. Duara lisiguswe. Kadi ilazwe angalau saa 4 mbali na jua, isibebanishwe na nyingine, ndipo iingie mfukoni pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Msimu wa mvua hapa ziwani, iacheni ilale hadi asubuhi. Kadi iliyofungwa mbichi hukataliwa, mama akalipa nauli ya boda mara ya pili. Jibu likija chanya, toa sampuli ya kuthibitisha na uanze dawa hapo hapo, usingoje ya pili irudi. Likija hasi na mtoto bado ananyonya, ni hasi ya leo tu.

2. Mtoto mchanga mgonjwa si lazima achemke: joto chini ya nyuzi 35.5 na hataki kunyonya, ni dharura.

3. Hemogramu, yaani hesabu ya seli za damu. Tangu siku za mwanzo za maisha hadi miaka 4 au 5 hivi, limfosaiti huwa nyingi kuliko nyutrofili (zote ni seli nyeupe), na ndivyo inavyotakiwa. Mashine ikichapisha alama ya nyekundu, uliza kwanza viwango vyake ni vya nani. CD4, seli za kinga ambazo HIV hushambulia, ikiwa 1,000 kwa mwalimu wa miaka 40 ni furaha; kwa mtoto wa miezi 8 ni upungufu mkubwa, kwani mpaka wa WHO wa umri huo ulikuwa 1,500, au asilimia 25 ya limfosaiti. Ndiyo maana chini ya miaka 5 tunapenda asilimia.

4. Kivuli kipana katikati ya eksirei ya kifua cha mtoto wa miezi mitano mara nyingi ni thaimasi, tezi ya kinga ambayo kwa mtoto huwa kubwa kiasili. Wacheni kuitibu.

5. Mama akiuliza kwa nini surua ingoje miezi 9, mjibu: kingamwili zake mwenyewe, zilizobaki kwa mtoto, huizima chanjo. Ile ya miezi 6, wakati wa mlipuko au mama akiwa na HIV, ni ya ziada. Ya 9 na ya 18 zinabaki pale pale.

6. Malaria. Kinga yake hujengwa kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, na hupunguza ugonjwa bila kufukuza vimelea vyote. Mtoto wa mwaka mmoja anafika Ahero akiwa mweupe kwa kukosa damu, dada yake wa darasa la sita ana vimelea hivyo hivyo na anaruka kamba. Basi msichana huyo akija na homa na shingo ngumu, kipimo chanya cha malaria kisiwafunge macho msione homa ya uti wa mgongo. Na wale wa Nairobi wanaokuja kwa nyanya Krismasi? Jina la Kijaluo halina kingamwili. Watibuni kama wageni wasio na kinga.

Chanjo ya malaria iliyoanzia Homa Bay mwaka 2019 huanza miezi 6, lakini dozi ya nne huangukia baada ya mwaka wa kwanza, mama akiwa ameshaacha kuja kliniki. Mtoto wa miaka miwili akiletwa kwa kuhara, fungua ukurasa wa chanjo hiyo kitabuni.