Lidokeini peke yake au mchanganyiko? Ganzi ya sindano kwa upasuaji wa jicho

Wengi tumezoea kuchanganya dawa mbili za ganzi, lidokeini 2% na bupivakeini 0.5%, nusu kwa nusu, tukitaraji ya kwanza ishike upesi na ya pili ikawie. Hesabu inasema vingine. Vuta mililita 5 za kila moja kwenye bomba la sindano la mililita 10, na unachomchoma mgonjwa ni lidokeini 1% na bupivakeini 0.25%. Zimepunguzana nguvu, na usishangae jicho likiwa bado linacheza baada ya dakika 10.

Kwa upasuaji wa mtoto wa jicho wa dakika 20, lidokeini 2% pekee yatosha. Hushika baada ya dakika 5 hivi, hudumu saa nzima au zaidi. Bupivakeini iwekee upasuaji wa retina (utando wa nyuma ya jicho), ambao ni mrefu na huuma baadaye. Mwenye jicho moja tu linaloona mfikirie mara mbili: bupivakeini inaweza kumwacha gizani hadi usiku, akishikwa mkono kwenda chooni.

Kisichofaa kukosekana, kwa maoni yetu, ni hialuronidasi, kimeng'enya kinachoisaidia dawa kupenya tishu na kusambaa. Yeyusha chupa ya yuniti 1,500 kwa mililita 1 ya maji ya chumvi, vuta mililita 0.1 kwa bomba la mililita 1, utie kwenye zile mililita 10. Hapo una yuniti 15 kwa kila mililita. Bila hiyo, dawa yaweza kutuama kando ya misuli ya jicho na kuidhuru, na mgonjwa akarudi akiona vitu viwili viwili. Mara chache hialuronidasi yenyewe huleta mzio: kope kuvimba na jicho kutokeza, hali inayofanana sana na maambukizi.

Adrenalini 1:200,000 huirefusha lidokeini, ila huminya mishipa ya damu. Kwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) iliyokomaa, iache.

Jicho lenye urefu, kutoka mbele hadi nyuma, unaozidi milimita 26 hutobolewa kirahisi na sindano kali. Hapo tumia kanula butu chini ya kapsuli ya Tenon (utando unaolizunguka jicho), mililita 3 hadi 5.

Kabla ya kumfunika, mwambie atazame juu, chini, kushoto, kulia. Jicho likisogea upande mmoja, ongeza mililita 2, si bomba zima. Tundu la jicho likijaa dawa, shinikizo hupanda, na mpasuaji ataona lenzi ikisukumwa mbele akiwa ameshakata.