Maswali ya Wasomaji: Mkato mdogo au shingo ifunguliwe yote?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 19. Ametolewa mawe kwenye figo mara mbili, na sasa kalsiamu ya damu ni 2.95, homoni ya parathiroidi 180. Daktari anataka kumpasua kwa mkato wa sentimita 3. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, anasema bora shingo ifunguliwe tezi zote nne zionekane. Nimsikilize nani? Na akiacha maziwa, haitashuka?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Hukutaja majibu ya picha, na hapo ndipo penye jibu.

Tezi hizi nne ni za parathiroidi, na homoni yake ndiyo inayopandisha kalsiamu ya damu. Zimejibanza nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni, kila moja kama punje ya mchele. Kwa wagonjwa wengi ni moja tu iliyovimba, mara nyingi ikafikia ukubwa wa harage. Mkato mdogo unamfaa mtu ambaye tezi yake mbovu imeshajulikana iliko. Hupigwa ultrasaundi ya shingo, kisha hudungwa sestamibi, dawa yenye mionzi kidogo, na kamera huangalia inang'ang'ania wapi. Picha zote mbili zikionyesha mahali pamoja, mfuate daktari. Zikipingana au zisione kitu, mdogo wako ana hoja.

Ana hoja pia kwa sababu ya umri. Ugonjwa huu ukimpata kijana, lazima ukoo uulizwe: nani mwingine ana mawe ya figo, kalsiamu ya juu, uvimbe wa kongosho? Katika ugonjwa wa kurithi wa MEN1 tezi zote huharibika, na kwa kawaida hutolewa tatu na nusu. Mkato mdogo hapo ni kujisumbua.

Apimwe pia mkojo wa saa 24. Ule wa kwanza wa asubuhi umwagwe, unaofuata wote ukusanywe hadi wa kwanza wa kesho yake. Kalsiamu ikiwa kidogo mno humo, huenda ni hali ya kuzaliwa nayo ambayo upasuaji hauiponyi. Kwa mwenye mawe si rahisi iwe hiyo, lakini kipimo hakina gharama ya kisu.

Swali la kumuuliza daktari: je, homoni itapimwa binti akiwa bado mezani? Homoni hii hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache. Damu huchukuliwa kabla ya kukata, na tena dakika 10 baada ya tezi kutolewa. Ile 180 inapaswa kushuka chini ya 90, na ikirudi kwenye kiwango cha kawaida ni bora zaidi. Ikigoma kwenye 150, kuna tezi nyingine mbovu, na daktari anaongeza mkato palepale.

Baada ya upasuaji, siku ya pili hadi ya nne kalsiamu huweza kushuka sana. Ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole ndiyo dalili. Apewe vidonge vya kalsiamu, na mikono ikikakamaa arudishwe hospitali. Sauti ikipwelea, huenda mshipa wa fahamu wa koo umeguswa. Mara nyingi sauti hurudi. Shingo ikivimba ghafla na pumzi ikabana, msingoje asubuhi. Kalsiamu ipimwe tena baada ya miezi 6. Ikiwa sawa, amepona.

Maziwa asiache. Akiyakosa, tezi huzidi kuchokoza mifupa, na kalsiamu nyingi ya damuni inatoka huko, haitoki kwenye chai ya maziwa. Anywe maji mengi.